Pumzi za Kuazima

Harufu ya glukosi inanichefua. Watu husema glukosi haina harufu, lakini mimi ninayo puani: utamu mkavu, mate ya watoto, na vidole vya mtu mzima ambavyo havijanawa. Juzi hapa nilikuwa dukani mjini Karatu, kijana mmoja akafungua pakiti pembeni yangu, nikaacha sukari yangu kaunta nikatoka nje kutema mate. Muuza duka, mzee wa Kiislamu ambaye tunaheshimiana sana, akaniuliza kama ni malaria. Nikamwambia si malaria, mzee wangu, ni mwalimu mkuu.

Nafundisha shule ya msingi huku vijiji vya chini, upande wa Endabash, ambako wakati wa kiangazi vumbi jekundu linaingia mpaka kwenye chai. Darasa langu ni la tano. Nimebakiza miaka michache nistaafu. Magoti yameshastaafu kabla yangu, ila mdomo ndio kwanza unaanza kazi. Mwalimu mkuu hupenda kunikumbusha kwamba mdomo uliponza kichwa. Namjibu kwamba kichwa changu kimeshazoea.

Mambo yalianzia kwenye kikao cha walimu. Mkuu alisimama, akafuta jasho kwa leso ileile anayopengea kamasi, akasema, "Walimu, tunapata wageni."

Neno mgeni lina uzito wake huku kwetu. Magari ya watalii yanapanda kwenda Ngorongoro asubuhi, yanateremka jioni, na mji wote wa Karatu umekaa pembeni ya lami ukitabasamu. Hata sisi wa vijijini, ambao hatujawahi kumbebea mtu begi, tumejifunza kwamba mgeni anaonyeshwa sebule, haonyeshwi jikoni. Shule ikisikia mgeni anakuja, vyoo vinamwagiwa dawa, watoto wenye sare zilizochanika wanapangwa nyuma, na wenye sauti nzuri wanaimba mbele. Nimeyaona haya miaka yote, na kila mwaka yananitia kinyaa zaidi.

Safari hii wageni hawakuwa watalii. Walikuwa madaktari wa watoto, Watanzania wenzetu, waliokuwa wakizunguka shule za Karatu na Ngorongoro kupima pumzi za watoto na nguvu ya mioyo yao. Mkuu mwenyewe alitusomea maelezo kwenye simu yake, kwa sauti, sote tukisikia. Wanachora mistari miwili uwanjani. Spika inapiga mlio, mtoto anakimbia kutoka mstari huu kwenda ule, na anatakiwa afike kabla mlio mwingine haujalia. Milio inaanza taratibu, halafu inafuatana upesi, na upesi zaidi. Mtoto akichoka anasimama, anakwenda kukaa, basi. Hakuna mshindi. Wanaokaa mapema sana ndio hasa wanaotafutwa, maana daktari atawasikiliza kifua mmoja mmoja, na mwenye dalili atapelekwa hospitali mjini kupigwa picha ya moyo bila mzazi kutoa chochote.

Alisoma yote hayo, akarudisha simu mfukoni, akasema, "Kwa hiyo ni mbio."

"Ni mbio, Mkuu," akaitikia mwalimu wa michezo. Huyu ni kijana anayevaa filimbi shingoni hata akienda harusini, na fimbo haimtoki kwapani.

Nikasema, "Mkuu, si mbio. Umesoma mwenyewe sasa hivi."

Wenzangu wakacheka. Mkuu akaniambia, "Mwalimu, wewe magoti yanakuuma. Mambo ya kukimbia tuachie."

Wageni walikuwa wameomba majina ya wanafunzi wa darasa la nne mpaka la sita, wakachagua wenyewe kwa kubahatisha, mmoja huku, mmoja kule, bila kujua nani ni nani. Mkuu akayapitia yale majina kwenye simu kama mtu anayechambua mchele. Huyu mzito. Huyu ana kikohozi. Huyu hata kengele ikilia hafiki darasani. Kisha akasema neno ambalo kila mwalimu wa Tanzania analijua: tutafute mamluki.

Mamluki ni mtoto wa kuazima. Kwenye michezo ya kata na ya wilaya, shule isiyo na wakimbiaji huazima mtoto wa shule nyingine, humvika sare yake, humpa jina la mwanafunzi wake, na mtoto anakimbia kwa jina la mwenzake. Ni wizi, wote tunajua ni wizi, na wote tunafanya kana kwamba ni ufundi. Lakini kwa kombe la bati angalau mtu unaelewa. Sijawahi, tangu nizaliwe, kusikia mtu anaazima mapafu ya kumpelekea daktari. Nikawaambia pale pale kwamba nguo ya kuazima haisitiri matako. Mkuu akasema kikao kimefungwa.

Sasa nikueleze kuhusu binti mmoja wa darasa langu, maana jina lake lilikuwa mojawapo ya yale yaliyochaguliwa, na nilipoliona nilishukuru Mungu kimoyomoyo.

Alikuwa mtoto wa jirani yangu, mama mmoja mjane; asili yetu sote wawili ni Mbulu. Mwaka uliotangulia koo lilimuuma, halafu viungo vikavimba, goti hili leo, kifundo kile kesho, halafu ikapita. Tangu hapo akawa mtoto wa kukaa. Akibeba ndoo ya maji anaitua njiani mara kadhaa. Akiandika ubaoni anashika ukuta. Kijiji kikampa jina la mvivu, na mama yake, mwanamke asiyejua maana ya kupumzika, akalipokea jina hilo kwa aibu. "Jirani," aliniambia siku moja tukichambua maharage, "huyu wangu amerithi kwa nani uzembe huu? Sisi si watu wa hivyo."

Shuleni ilikuwa mbaya zaidi. Kila asubuhi tuna mchakamchaka, watoto wanakimbia kuzunguka uwanja wakiimba kabla ya kuingia darasani. Sina ugomvi na mchakamchaka, hata mimi nilikimbia utotoni. Nina ugomvi na sheria ya mwalimu wa michezo. Anayesimama anachapwa, na anayekuwa wa mwisho anaongezwa mzunguko. Kila siku wa mwisho alikuwa yule binti. Anazunguka peke yake, wenzake wameshaingia darasani, midomo imemkauka, na kijana yule amesimama mstarini anachokonoa meno kwa njiti. Nilimsema. Nikamsema tena mbele ya Mkuu. Wakasema namlea mtoto kimayai.

Asubuhi moja nilimshika mgongoni nimtengeneze kola, akiwa amekaa kwenye dawati muda mrefu tu. Moyo wake ulikuwa unagonga kiganja changu. Nilimwambia mama yake ampeleke hospitali, akasema pesa atoe wapi, hata ng'ombe wake mgonjwa hajamaliza kumtibu. Ndiyo maana nilishukuru. Nilijisemea, alimradi apangwe kukimbia na wenzake, atakaa mapema, daktari atamsikiliza, na mambo yote yatakuwa wazi bila mimi kubishana na mtu. Kukaa chini, jambo lililokuwa likimponza kila siku, siku hiyo ndilo lingemwokoa.

Siku ilipofika nilipangiwa jikoni kusimamia chai ya wageni. Nilidhani wananiweka mbali kwa sababu ya mdomo. Kumbe ilikuwa pia nisione nani anapelekwa wapi.

Nikiwa nachemsha maziwa, mwalimu wa michezo aliingia na watoto nisiowajua, wamevaa sare zetu, nyingine fupi, nyingine zimewabana. Walikuwa watoto wa wafugaji kutoka shule ya bondeni, wanaoshinda wakikimbizana na ndama, miguu myembamba, vifua vipana. Akawapa mayai ya kuchemsha yaliyokuwa ya wageni. Akawapa maziwa. Kisha akatoa glukosi, na Mkuu mwenyewe akaja, akachovya vidole vyake kwenye pakiti, akawa anawawekea watoto ulimini mmoja baada ya mwingine, na kila akitoka kwa mmoja anajilamba kile kidole kabla ya kukirudisha kwenye pakiti. Yesu na Maria. Nilimwangalia mpaka maziwa yakamwagika jikoni. Akaniambia, "Nguvu, mwalimu. Nguvu."

Niliwahi uwanjani na sinia la vikombe wakati majina yanaitwa. Wageni walikuwa wamepanga koni za rangi kwenye mistari, na daktari wao mkuu, msichana mpole wa umri wa mwanangu wa mwisho, alikuwa anabandika namba vifuani. Akaita jina la yule binti wangu.

"Nipo," likaitikia toto refu la bondeni, likapiga hatua mbele.

Nilitafuta kwa macho pale, sikumwona mwenye jina. Niliinama kwa mwalimu wa darasa la nne nikamuuliza wako wapi watoto wetu. Akanong'ona kwamba wazito wote wamepelekwa shamba la shule, kung'oa maharage, mpaka wageni waondoke.

Mlio ukaanza. Sitausahau, ulikuwa mwembamba, wa kuchoma sikio. Watoto wakakimbia kwenda, wakarudi, wakaenda. Wale wachache wetu wa kweli wakaanza kukaa mmoja mmoja, na kila anayekaa alimtazama mwalimu wa michezo kwanza, aone kama fimbo inakuja. Mamluki wakaendelea. Milio ikafuatana. Halafu mayai, maziwa na glukosi vikakumbuka kwamba havikualikwa mbioni. Mmoja akatapika mstarini. Wa pili alikanyaga, akateleza, akatapika na yeye. Wa tatu alitapikia koni ya daktari. Ilikuwa nyeupe na njano, nzito, ina vipande, na jua la Karatu likaipokea. Mimi ndiye niliyetumwa kuleta majivu ya jikoni kumwagia. Nimeinama pale na magoti yangu, pua imenijaa ile harufu, juu yangu Mkuu anapiga makofi kwa sababu yule msichana wa bondeni alikuwa bado anakimbia. Alibaki peke yake mpaka daktari mwenyewe akazima spika.

"Huyu mtoto ana moyo wa ajabu," daktari akasema, akalitaja tena jina la binti wangu. "Ndiye wa kwanza kwa shule zote tulizopita. Mama yake amshukuru Mungu."

Mkuu akasema, "Tunawatunza, daktari. Tunawatunza sana."

Mtoto mgonjwa kuliko wote shuleni alikuwa amesajiliwa mzima kuliko wote wilayani. Tangu hapo mtu yeyote atakayesema huyu mtoto anaumwa ataambiwa madaktari walikuja, wakampima, moyo wake ni wa ajabu. Na wale wageni walikuwa wanapanda Ngorongoro jioni ile ile, wapite lango la hifadhi kabla halijafungwa, kazi yao iliyofuata ikiwa Loliondo. Nani angerudi huku kwetu kupima upya?

Nilimfuata Mkuu pembeni. Nikamwambia, "Mkamlete yule mtoto."

"Mwalimu, usituaibishe mbele ya wageni."

"Aibu ipo pale chini, nimeimwagia majivu."

Akanishika mkono. Kilikuwa kile kile kiganja cha glukosi, kinanata. Nilijinasua nikajifuta kwenye kanga. Ningeweza kumwambia daktari pale pale, lakini nawajua wenzangu, maneno wangeyakana wote kwa pamoja. Mtoto mwenyewe akisimama hapo, watamkana vipi? Nikaenda shambani.

Nilimkuta amekaa kwenye tuta, amezungukwa na mashina ya maharage aliyong'oa, machache kuliko ya wenzake. Aliponiona aliinuka haraka, akidhani nimekuja kukagua. Nikamwambia twende, taratibu, leo hakuna haraka. Njiani alisimama mara mbili, na mara zote mbili aliniomba samahani. Hilo nalo lilinikera, na si yeye aliyenikera.

Tulipofika uwanjani spika ilikuwa imeshafungwa, wageni wananywa soda karibu na gari lao. Nikamsalimu daktari, naye akaniamkia shikamoo kwa adabu, nikamtajia jina la mtoto.

"Mbona huyo ameshakimbia?" akauliza.

Mkuu akacheka ile cheko yake ya wageni. "Majina yanafanana, daktari. Huku kwetu ukoo mmoja unajaza darasa."

"Daktari," nikasema, "mwenye jina ni huyu. Yule uliyempima ameazimwa shule nyingine. Nimempita nyuma ya choo anatapika mayai yenu."

Daktari alinitazama mimi, akamtazama Mkuu, na nikaona hajui amwamini nani. Mimi mwanamke mwenye majivu mikononi, Mkuu mwanamume mwenye tai. Akachuchumaa mbele ya mtoto. "Mama, usiogope. Tembea tu mpaka mstari ule, urudi. Tembea, usikimbie. Ukichoka unasimama, hakuna kosa. Umenielewa?"

Binti akaitikia ndiyo. Akaanza kutembea, vizuri tu, mikono ubavuni. Akafika katikati ya uwanja. Pale akainua macho akamwona mwalimu wa michezo, amesimama kwenye ule mstari wa mbali, filimbi shingoni, fimbo kwapani. Alikuwa amesimama tu, kama kila asubuhi.

Mtoto akaanza kukimbia.

Daktari akamwita asimame. Nami nikamwita. Hakusimama. Alifika mstarini, akageuka, akarudi mbio kwetu, mdomo wazi, midomo rangi ya zambarau, macho hayatuoni. Yule daktari alirusha soda yake chini akamkimbilia, akamdaka kabla hajaanguka, na hata mikononi mwake miguu ilikuwa bado inajaribu kukimbia.

Akamlaza kwenye kanga yangu. Akaweka kipimo cha kusikilizia moyo masikioni akamsikiliza kifuani, ubavuni, mgongoni, muda mrefu, akarudia. Kisha akavua kipimo, akamwambia dereva, "Leo hatupandi. Geuza gari, tunakwenda hospitali." Mkuu alipokaribia kusema neno, daktari hakumtazama.

Nilipanda nyuma nikampakata. Nywele zake zilinukia udongo na majani ya maharage, harufu pekee safi niliyoisikia siku ile. Barabara nzima aliniuliza nani atamalizia tuta lake.

Hospitali mjini walimpiga picha. Wakatuonyesha kwenye kioo mlango mdogo wa moyo usiofunga vizuri, damu inarudi ilikotoka. Yale maumivu ya koo na viungo ya mwaka ule yalikuwa yameshuka huko. Wakasema atachomwa sindano kila mwezi, kwa miaka, na atapelekwa hospitali kubwa waone kama mlango unatengenezeka. Wakasema pia kwamba kukimbia hapana. Maji kubeba hapana.

Mama yake alifika jioni kwa bodaboda, bado ana matope ya shambani miguuni. Muuguzi akamweleza pole pole, kwa Kiswahili, kisha mimi nikarudia kwa Kiiraqw, lugha yetu ya nyumbani, ili asikie vizuri. Alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akakaa chini, sakafuni, wakati benchi lilikuwepo.

"Nilikuwa namchapa," akasema. "Maji yakichelewa, nilikuwa namchapa."

Nilikaa naye pale sakafuni na magoti yangu.

Usidhani Mkuu alifanywa kitu. Alihojiwa, akasema walimu wa chini yake walimpotosha. Siku hizi wakija wageni anawasimulia kwamba shule yetu ndiyo iliyomgundua mtoto mwenye tatizo la moyo, na anamwita binti aje mbele awasalimie. Nikiwa karibu natoka nje kutema mate.

Binti anaendelea na sindano zake, na siku ya hospitali kubwa inasubiriwa. Asubuhi, wenzake wakiwa kwenye mchakamchaka, yeye anakaa kwenye jiwe karibu na mlingoti wa bendera. Daktari alimruhusu, mama yake alimruhusu, nami nilimruhusu mbele ya shule nzima, kwa sauti, ili kila mtu asikie. Anakaa, mikono mapajani, anawaangalia wanavyozunguka wakiimba. Lakini kila kundi linapopita na yule kijana wa filimbi anakimbia pembeni yake, mtoto anainuka kutoka kwenye jiwe na kusimama wima mpaka apite. Nimemwambia aache. Ananiitikia ndiyo, mwalimu, na kesho yake anasimama tena.